Sweta Tatu Hazizuii Nimonia

Wacha niseme hii mapema ndio anayetaka kukasirika aanze mapema: baridi haimpi mtoto nimonia. Wala upepo wa jioni, wala sakafu ya simiti, wala kutoka nje bila kofia. Nimonia inaletwa na viini, yaani bakteria na virusi, vinavyofika kwenye mapafu na kuanza vita. Na ile kitu tumezoea kuita "kumchunga mtoto asipigwe na baridi" mara nyingi ni kumfungia ndani ya chumba kimoja na jiko la makaa, dirisha limezibwa na gunia, na sweta tatu juu yake.

Mimi si daktari. Natengeneza video za kuchekesha watu kwa simu. Chuo niliacha mwaka wa pili, na hata hiyo kozi haikuwa ya mambo ya afya. Lakini niko kwa umri ambao marafiki zangu wameanza kuzaa. Wasichana niliokaa nao dawati moja sekondari sahii wana watoi. Na kila Juni ikiingia na ile baridi ya Nairobi, naona kitu kile kile. Msichana anaposti picha ya mtoto wake, watu wanamshukia kama mwewe. "Kofia iko wapi?" "Kwani huna soksi?" "Utampa huyo mtoto nimonia." Sijawahi kuona hata mmoja akiuliza kama mtoto amemaliza chanjo, ama wanapikia nini huko nyumbani.

Na hapo ndipo shida yangu iko. Tukilaumu baridi, tunamlaumu mama. Hakuna mtu mwingine wa kulaumiwa, kwa sababu yeye ndiye alimvalisha mtoto. Lakini tukiangalia sababu zenyewe tunapata moshi, msongamano, chanjo zilizokosekana, chakula kisichotosha na kuchelewa kufika hospitali. Hakuna sweta inayotatua hizo. Na nyingi si makosa ya msichana wa miaka ishirini.

Tuanze na baridi yenyewe. Kule Norway na Denmark, wazazi huwalaza watoto nje kwenye vigari vyao mchana, wakiwa wamevalishwa vizuri, hata theluji ikiwa chini. Ni desturi ya kawaida tu. Na huko mtoto kufa kwa nimonia ni kitu nadra sana. Sasa rudi hapa kwetu, nenda Kilifi, mahali ambapo joto linakufanya ubadilishe shati mara mbili kabla ya saa sita. Watafiti wa KEMRI na wenzao wa Wellcome Trust wamekuwa Kilifi miaka mingi wakichunguza nimonia ya watoto, kwa sababu huko wodi za watoto zimekuwa zikipokea wagonjwa wa nimonia miaka yote hiyo. Ukiuliza ni nchi gani zinapoteza watoto wengi zaidi kwa nimonia, utaambiwa Nigeria, India, Pakistan. Lagos hakuna mtu anavaa marvini kwa sababu ya umande.

Kwa hivyo kama baridi ndiyo ingekuwa muuaji, ramani ingekuwa imegeuka juu chini.

Najua kuna mtu ameshaandika, "Lakini mbona hospitali zinajaa Julai?" Swali poa. Baridi ikija, tunajifungia. Madirisha ya matatu yanafungwa, mlango wa nyumba unafungwa saa kumi na mbili, watu watano wanalala chumba kimoja bila hewa kuzunguka. Mmoja akiwa na mafua, wote wanapumua mafua yake. Jiko lililokuwa nje linaingizwa ndani ndio lipashe nyumba joto. Viini vinapata karamu. Baridi inafanya tubadilishe tabia, na hiyo tabia ndiyo inayompeleka mtoto hospitali.

Na sisemi umwache mtoto uchi, tuelewane hapo. Mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati ama akiwa mdogo sana, hupoteza joto haraka na hiyo ni hatari yenyewe. Mvalishe. Mlaze kifuani pako, ngozi kwa ngozi, vile wauguzi hufundisha. Ninachokataa ni kuamini kwamba ukishamvalisha umemaliza kazi.

Ukweli ni kwamba nimonia ndiyo ugonjwa wa kuambukiza unaoua watoto wengi zaidi duniani. UNICEF inasema zaidi ya watoto 700,000 walio chini ya miaka 5 kila mwaka. Hiyo ni karibu 2,000 kila siku. Mapafu yana vifuko vidogo vidogo vya hewa, na nimonia ikiingia vifuko hivyo vinajaa maji na usaha. Mtoto anavuta hewa lakini oksijeni haipiti. Anapumua mbio kama mtu aliyekimbizwa na kanjo, tofauti ni kwamba yeye amelala tu.

Sasa moshi. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa ndani ya nyumba unakaribia kuongeza mara mbili hatari ya mtoto kupata nimonia. Njia ya hewa ya mtoto ina ulinzi wake, kuna vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma uchafu na viini kurudi nje. Moshi unaviharibu. Baada ya hapo viini vinaingia kama wageni wa harusi isiyo na mlinzi getini.

Nitawapa mfano ninaoujua. Kuna ploti niliwahi kuishi, mabati, vyumba kumi, mfereji mmoja. Jirani yangu alikuwa na mtoto wa miezi mitano, na huyo mtoto akalazwa na nimonia. Alikaa hospitali wiki nzima, akarudi salama. Lakini kabla hata hajarudi, kesi ilikuwa imeamuliwa pale mferejini: mama alimpeleka mtoto matangani usiku, baridi ikampiga. Hukumu imetoka, hakuna rufaa.

Mimi nilikuwa nimekaa kwa hiyo nyumba mara nyingi. Futi kumi kwa kumi, pazia katikati linatenganisha kitanda na upande wa kupikia. Jioni anachemsha maharagwe kwa jiko la makaa, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi na kwa sababu ya wezi, mtoto yuko mgongoni, kichwa chake kiko juu ya sufuria. Hakuna aliyetaja jiko, kwa sababu ploti nzima tulikuwa na jiko kama hilo. Siwezi kusema ni moshi uliomlaza yule mtoto. Hata daktari hawezi kukuapia hivyo kwa mtoto mmoja. Lakini kilichonichoma ni hiki: mama mwenyewe aliamini ile hukumu. Aliniambia hatawahi tena kumtoa nje jioni. Maana yake, huyo mtoto sasa angekaa ndani na moshi masaa mengi zaidi kuliko kabla augue. Ushauri wa majirani ulikuwa umemrudisha pale pale kwenye hatari, na tena kwa upendo.

Mtu atasema, si anunue meko tu. Sawa, tuongee pesa. Makaa unanunua kwa mkebe, pesa ya leo kwa chakula cha leo. Meko unalipa mtungi, gesi na kichomeo siku moja. Mtu anayelipwa kwa siku hana hiyo pesa ikiwa imekaa pamoja mahali pamoja. Na serikali haijakuwa ikisaidia kila wakati. Julai 2021 gesi ya kupikia ilitozwa VAT ya asilimia 16. Mwaka 2022 ikashushwa hadi 8, na 2023 ndipo ikaondolewa. Hiyo miaka miwili watu wengi walirudi kutafuta makaa na mafuta taa. Hakuna waziri aliyesimama akasema, "Tumepandisha bei ya mapafu ya watoto." Lakini ndivyo hesabu inavyosoma ukiwa kwa chumba cha mabati. Siku hizi kuna gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, inayouzwa kama vile mkebe wa makaa unavyouzwa, na hiyo ni hatua. Ninachosema ni kwamba kodi ya gesi ni habari ya afya, si habari ya biashara pekee.

Kabla meko ije, kuna ya kufanya leo. Pikia nje kwa koridoo ama mlangoni ukiweza. Kama lazima iwe ndani, fungua mlango na dirisha hata kama baridi inauma, na mtoto akae mbali na jiko, si mgongoni mwa anayepika. Shangazi, kaka, jirani, yeyote, ambebe hiyo nusu saa. Na usidanganyike na makaa yaliyoiva vizuri yasiyotoa moshi. Yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na hiyo inaua familia nzima usingizini. Usilale na jiko ndani. Kamwe.

Na nyinyi maboyz mnaovuta sigara kwa keja yenye mtoto, eti "si niko dirishani". Moshi hausomi ramani. Toka nje, tena mbali na mlango.

Kitu cha pili ni chanjo, na hapa ndipo Kenya ina haki ya kujigamba. Mwaka 2001 tuliingiza chanjo ya pentavalenti, ile inayozuia magonjwa matano kwa sindano moja, mojawapo likiwa Hib, bakteria anayeleta nimonia kali na ugonjwa wa uti wa ubongo. Mwaka 2011 tukawa kati ya nchi za kwanza Afrika kuanza kuwapa watoto chanjo ya nimokoko, bakteria anayeongoza kwa kuleta nimonia mbaya. Wale watafiti wa Kilifi walipima kabla na baada. Ugonjwa mkali unaoletwa na aina za nimokoko zilizo kwenye chanjo ulishuka kwa asilimia 92 kwa watoto walio chini ya miaka 5. Tisini na mbili. Niambie ni sweta gani imewahi kufanya hiyo kazi.

Ratiba si ngumu. Zote mbili hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Surua ni miezi 9, halafu miezi 18. Surua na kifaduro, ambayo pia iko ndani ya pentavalenti, huwa zinafungulia nimonia mlango, kwa hivyo usiseme "hiyo si ya nimonia" ukairuka. Zahanati za serikali hazitozi pesa kwa chanjo hizi. Wengi hupotelea pale wiki ya 14 na miezi 18, kwa sababu mtoto anaonekana mzima na mama amerudi kazini. Ukiwa mjomba ama shangazi asiye na kazi leo, huyo mtoto anaweza kupelekwa kliniki na wewe. Beba kijitabu chake, keti foleni, sukuma simu yako kama kawaida. Masaa yale yale ungeyapoteza kwa TikTok ukiwa kwa kitanda.

Kitu cha tatu ni chakula na mikono. Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, hata maji hapana. Maziwa hayo yana kinga ambazo mwili wa mtoto haujajua kujitengenezea. Baada ya hapo anahitaji chakula cha kweli, mayai, omena, maharagwe, mboga, si uji mwepesi peke yake. Mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo hana nguvu za kupigana na nimonia hata ndogo.

Lakini angalia vile tumepanga hii nchi. Sheria ya ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu. Daktari anasema anyonyeshe miezi sita. Hesabu haiingiani. Sheria ya afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea. Ulizia kwa saluni, kwa hoteli, kwa godauni unakofanya kibarua kama kuna hicho chumba, uone vile watakuangalia. Na hiyo ni kwa walioajiriwa. Anayeuza mitumba ama anayefua nguo za watu hana likizo yoyote. Anamwacha mtoto kwa yule mama wa ploti anayeangalia watoto kumi na tano kwa chumba kimoja, na mmoja wao lazima anakohoa. Halafu jioni tunamuuliza kofia iko wapi.

Osheni mikono kabla ya kumshika mtoto. Ukiwa na homa ama mafua, usimbusu. Mpungie mkono tu, atakuelewa akiwa mkubwa.

Sasa sehemu ambayo nataka mpige picha ya skrini. Viini vinaweza kumfikia hata mtoto aliyefanyiwa kila kitu sawa. Hapo kinachookoa maisha ni kasi. Na kila mmoja wenu ana kifaa kinachohitajika: simu yenye saa.

Mtoto akikohoa ama akionekana kushindwa kupumua, ngoja atulie, asiwe analia wala kunyonya. Inua nguo yake. Hesabu kifua ama tumbo linapanda mara ngapi kwa dakika moja nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2, ukifika 60 au zaidi, hiyo ni mbio. Wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Halafu angalia chini ya mbavu. Akivuta hewa na hapo pakabonyea ndani badala ya kutoka nje, usingoje kesho. Na kama hawezi kunyonya ama kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea hata ukimwamsha haamki vizuri, ama midomo inageuka rangi ya samawati, hiyo ni hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku, hata kama ni bodaboda.

Kama ni kitu kidogo na huna uhakika, kuna wahudumu wa afya ya jamii mitaani. Wako karibu 100,000 nchi nzima, na 2023 walipewa mikoba ya vifaa. Jua wako ni nani kabla hujamhitaji.

Kile usifanye ni kukimbilia duka la dawa ukanunua vidonge vitatu vya antibiotiki kwa sababu pesa ndiyo hiyo. Nimonia ya bakteria inatibika, na dawa ya kwanza ni amoksilini, kuna hata ya tembe inayoyeyuka kwa maji kwa ajili ya watoto. Si dawa ya bei ya kutisha. Lakini kipimo kinategemea uzito wa mtoto, na inamezwa siku zote zilizoandikwa, hata akianza kucheza siku ya pili. Kama ni virusi, antibiotiki haina kazi hapo. Na usimpeleke mtoto kukatwa kilimi eti ndicho kinachomkohoza. Hiyo haitibu chochote, inaongeza kidonda na damu kwa mtoto ambaye tayari hana pumzi.

Najua jibu la wengi. "Shosho alitulea na sweta na jiko la kuni, na tuko hapa." Ni kweli, uko hapa. Wale ambao hawako hawawezi kukujibu. Muulize shosho wako pole pole, mkiwa wawili, alizaa watoto wangapi na wangapi walifika miaka mitano. Mimi nilimuuliza wangu. Alinyamaza kwanza, halafu akanitajia majina mawili ambayo sikuwahi kuyasikia kwetu nyumbani. Shosho hakuwa mjinga. Alitumia alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kilikuwa sweta. Sisi tuna chanjo, tuna dawa, tuna saa mkononi, halafu bado tunapigania kofia.

Mwingine atasema naingiza siasa kwa ugonjwa wa watoto. Haki, iko ndani tayari. Mwaka 2025 chanjo za BCG na polio ziliadimika, akina mama wakarudishwa nyumbani na watoto mgongoni. Gavi, shirika ambalo limekuwa likitusaidia kulipia chanjo, linapunguza mkono wake, na mpango ni kwamba Kenya ijilipie yenyewe kufikia mwisho wa muongo huu. Hiyo pesa itatoka kwa bajeti. Kama haitawekwa, ile asilimia 92 ya Kilifi itaanza kupanda tena kimya kimya, na tutarudi mferejini kutafuta ni mama gani alitoka usiku na mtoto.

2027 watakuja kwa mitaa yetu na fulana na muziki. Tuulizeni vitu vitatu tu. Chanjo za kaunti hii zitalipwa na nani Gavi ikiondoka? Hospitali iliyo karibu nasi ina oksijeni inayofanya kazi usiku, na kile kipimo cha kidoleni cha kuangalia kama inamfikia mtoto? Na mtarudisha kodi ya gesi, ndio ama la? Asiyeweza kujibu aendelee na safari.

Kabla ya hapo, kuna mtu mmoja kwa simu yako mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Mtumie zile namba za kuhesabu pumzi, 60, 50, 40. Halafu muulize kliniki ijayo ni tarehe ngapi, na kama angependa umsindikize.